UZI: Kidonda kisichofunga. Jinsi mchochota wa muda mrefu unavyozaa kansa na kuisambaza (tuanzie kwenye kichocho na kibofu)

HadubiniMezani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "kansa inaletwa na nini" humu jukwaani hujibiwa kwa sigara, pombe na ukoo. Ni kweli, lakini kuna njia nyingine pana ambayo kwetu Afrika Mashariki inapita watu wengi na haipewi uzito wake: mchochota unaokaa mwilini miaka na miaka bila kuzimika. Nitatumia mfano mmoja, kichocho cha mkojo na kansa ya kibofu, kwa sababu hapo karibu kila hatua inaonekana kwa macho chini ya hadubini.

Kwanza jina. Mchochota ndiyo ile inflamesheni inayotajwa hospitalini. Wengi huuita uvimbe, na hapo ndipo tunapopotezana, maana uvimbe pia ni jina la bonge lenyewe la kansa. Kwenye uzi huu nikisema mchochota namaanisha kazi ya kinga ya mwili, nikisema uvimbe namaanisha bonge.

Chukua mtu aliyechomwa na mwiba. Muda si muda mishipa midogo ya damu inatanuka, maji na seli nyeupe zinamiminika mahali pale, panakuwa pekundu, pana joto, pamevimba, panauma. Nyutrofili ndizo huwahi. Makrofaji hufuata, zinameza uchafu, na mwiba ukishatoka zinabadilisha kazi kutoka kupigana kwenda kukarabati. Wiki mbili tatu baadaye limebaki kovu dogo. Huo ni mchochota wa haraka, na bila huo hakuna ambaye angeuvuka utoto.

Sasa mwiba usipotoka? Yai la Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, lina mwiba kweli, uko nchani. Urefu wake ni kama mikromita 110 hadi 170, halionekani kwa macho matupu. Dume na jike hukaa wamekumbatiana ndani ya vena zinazozunguka kibofu, kwa kawaida miaka 3 hadi 10, na jike hutaga kila siku. Mayai yanatakiwa yapenye ukuta wa kibofu yatoke na mkojo. Karibu nusu hayafiki, yanakwama humo humo ukutani.

Yai lililokwama haliko kimya. Kijusi kilicho ndani kinaishi wiki kadhaa kikitoa protini kupitia vitundu vya ganda. Mwili unalizingira: makrofaji, eosinofili, limfosaiti, halafu fibroblasti zinazofuma nyuzi za kovu kuzunguka kundi zima. Kifungu hicho kinaitwa granuloma. Kimoja hakina madhara makubwa. Zidisha kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, na ukuta wa kibofu unageuka kovu moja gumu. Mayai yaliyokufa yanajaa chokaa, ndiyo maana daktari akiingiza kamera huona mabaka ya manjano kama mchanga uliotapakaa chini ya utando.

Kansa inaingilia wapi? Seli za kinga zinapigana kwa kemikali: radikali za oksijeni na za naitrojeni. Yai lina ganda, haliumii sana. Zinazoumia ni seli za utando zilizo jirani. Guanini, moja ya herufi nne za DNA, ikipigwa na radikali hizo husomwa vibaya wakati wa kunakili, na palipokuwa na G panaishia T. Mwili una mafundi wa kurekebisha makosa hayo, lakini wanahitaji muda, na hapa muda haupo: seli zilizokufa lazima zizibwe, kwa hiyo zilizobaki zinaamriwa kugawanyika haraka haraka zikiwa na DNA yenye majeraha. Kosa lililokuwa la kurekebishika linanakiliwa na kuwa la kudumu.

Halafu kuna amri zenyewe. Makrofaji zinamwaga saitokini, yaani kemikali za kupelekeana ujumbe kati ya seli, kama TNF na IL-6. Zikifika kwenye seli ya utando zinawasha swichi mbili, NF-kB na STAT3, ambazo ujumbe wake kwa lugha nyepesi ni "usife, gawanyika". Kwa seli nzima hilo ni jema, linaponya kidonda. Kwa seli iliyoharibika, ambayo ilitakiwa ijiue yenyewe, ni ruhusa ya kuendelea kuishi.

Kibofu kina balaa lake la ziada. Ukuta ukikakamaa hakikamui vizuri, mkojo unabaki chini, bakteria wanaweka makazi. Bakteria hao hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa naitraiti, nayo ikikutana na amini inazaa nitrosamini, kundi lile lile la sumu lililomo kwenye moshi wa tumbaku. Kwa hiyo utando unashambuliwa kutoka pande mbili, ukutani na kwenye mkojo wenyewe.

Utando nao unajihami. Seli laini za kawaida za kibofu, urothelia, zinajibadilisha kuwa za skwamasi, bapa na ngumu kama za ngozi. Hiyo ni metaplasia. Ikiendelea kuchochewa inakuwa displasia, seli zimepoteza mpangilio, na hatimaye kansa ya skwamasi. Ndiyo maana kansa ya kibofu ya maeneo ya kichocho si aina ile inayotawala Ulaya, na huwashika watu wa miaka 40 na 50, mapema kuliko kule.

Theodor Bilharz alimwona mnyoo huyu Kairo mwaka 1851. Ferguson, Kairo hiyo hiyo, akaunganisha kichocho na kansa ya kibofu mwaka 1911. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, likamweka mnyoo huyu kundi la kwanza la visababishi vya kansa kwa binadamu, pamoja na bakteria wa tumbo Helicobacter pylori.

Wataalamu wa maabara na dawa, karibuni.

---

MkulimaWaJaluba

Shukrani mkuu, somo limeingia. Mawili. Kichocho cha tumbo nacho kinaleta kansa? Na mbona vijijini watu kibao wamekojoa damu utotoni na wamezeeka bila kansa?

---

HadubiniMezani

> Kichocho cha tumbo nacho kinaleta kansa?

Kichocho cha tumbo ni Schistosoma mansoni, mnyoo mwingine, konokono mwingine. IARC walipopima ushahidi mwaka 1994 walisema hautoshi kumhukumu. Madhara yake makubwa ni kovu la ini, bandama kukua na kutapika damu. Kwa Kanda ya Ziwa: mansoni anaishi kwa konokono Biomphalaria, wengi wakiwa ziwani kwenyewe. Haematobium anaishi kwa Bulinus, kwenye madimbwi, malambo na majaluba ya bara, mbali kidogo na ziwa. Unguja, Pemba na ukanda wa pwani, Kwale na Tana River kwa upande wa Kenya, shida ni huyu wa mkojo.

> mbona vijijini watu kibao wamekojoa damu utotoni

Kwa sababu kinachoamua ni wingi wa mayai ukizidishwa kwa miaka. Mtoto aliyeambukizwa mara chache akatibiwa, granuloma zake zinayeyuka. Kwa watoto, vidonda vya kibofu vinavyoonekana kwenye ultrasaundi vingi hupungua au kuisha ndani ya miezi 6 baada ya dawa. Mtu aliyeambukizwa upya kila msimu kwa miaka 25 ana kovu, na kovu halirudi nyuma. Ongeza sigara, ongeza maambukizi ya bakteria ya mara kwa mara, hesabu inapanda. Wengi hawapati kansa, hilo ni kweli. Ila wanaoipata wamepitia njia hii, na ni njia inayozibika.

---

FundiMaabara

Naunga mkono hoja, na naongeza upande wa maabara, maana majibu ya "hakuna mayai" yanarudisha watu nyumbani bila sababu.

Muda wa kuchukua mkojo ni saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Mkojo wa alfajiri ambao watu wamezoea kuleta kwa vipimo vingine hapa haufai. Mgonjwa atembee au apande ngazi kidogo kwanza, kisha akojoe yote, hasa tone la mwisho lisipotee, kwa kuwa mayai mengi hutoka kibofu kinapokamua mwishoni. Chombo kiwe kikavu. Maji yakiingia yai linaanguliwa, kijusi kinaogelea zake, na wewe unabaki kutafuta ganda tupu. Ndiyo maana sampuli inawekwa gizani na kusomwa ndani ya saa 2. Ikibidi kusubiri, weka mililita 1 ya fomalini kwa kila mililita 100 za mkojo.

Tikisa kabla ya kuvuta. Narudia, tikisa. Mayai ni mazito, yanazama chini, na kosa hili peke yake linatosha kugeuza chanya kuwa hasi. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, sukuma taratibu kupitia chujio lenye vitundu vya mikromita 12. Toa chujio kwa koleo, upande uliopokea mkojo uwe juu, laza kwenye slaidi, tone la ayodini, subiri sekunde kama 15, hesabu chujio lote. Andika idadi kwa mililita 10. Kuanzia mayai 50 ni maambukizi mazito.

Chujio hakuna? Zungusha mililita 10 kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, soma mashapo. Hata hilo hakuna? Karatasi ya kupima damu kwenye mkojo inasaidia sana kwa watoto wa maeneo ya kichocho. Angalia tarehe ya kuisha, na kopo lisikae wazi, unyevu unaharibu rangi. Kwa mwanamke uliza kama yuko hedhini kabla ya kuandika chanya.

Sasa lile muhimu zaidi kwa uzi huu. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa miaka mingi anaweza kuwa na mayai machache kabisa kwenye mkojo au asiwe nayo. Minyoo imezeeka au imekufa, mayai yamefungwa kwenye kovu. Mkojo hauna mayai, ukuta umejaa. Kwa hiyo jibu la hasi kwa mtu wa miaka 45 anayekojoa damu halimwondolei shaka ya kansa hata kidogo. Apigwe ultrasaundi kibofu kikiwa kimejaa.

---

Mkunga_Pemba

Fundi umesema vyema. Naongezea la wanawake kwa ufupi kwa kuwa husahaulika. Mayai hayo hayo hukwama kwenye mlango wa kizazi na uke. Dalili ni kutokwa damu baada ya tendo, maumivu, uchafu, na mwanamke hutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu nne bila nafuu. Kwa macho yanaonekana mabaka ya punje za mchanga kwenye mlango wa kizazi. Utando uliojeruhiwa namna hiyo pia unampa virusi vya UKIMWI njia rahisi. Mwanamke aliyekulia eneo la kichocho na dalili hizi haziishi, aulizwe habari za mito na madimbwi aliyooga utotoni, na apimwe mlango wa kizazi kama kawaida, maana HPV, virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, nayo haijaondoka.

---

DiraYaDawa

Ndugu zangu, upande wa famasi.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja. Kidonge kina miligramu 600. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, vidonge 4. Kwenye kampeni za shule mizani haitumiki, unatumika mti wa kupimia urefu: sentimita 94 hadi chini ya 110 kidonge 1, chini ya 125 kimoja na nusu, chini ya 138 viwili, chini ya 150 viwili na nusu, chini ya 160 vitatu, chini ya 178 vinne, kuanzia hapo vitano.

Mambo yanayoharibika ni haya. Watoto kupewa dawa na njaa: ni chungu, wanatapika, dozi imepotea. Wale kwanza, uji mzito au wali, kisha wameze haraka na maji mengi. Kizunguzungu na maumivu ya tumbo baada ya hapo ni kawaida, na huwa makali zaidi kwa mwenye minyoo mingi. Asiendeshe chombo siku hiyo na kesho yake.

La pili, prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga ya wiki 2 hadi 5 inaponea. Mtu aliyeingia majini mwezi huu akatibiwa leo anaweza kuendelea na kichocho akadhani dawa ni bandia. Rudia baada ya wiki 4 hadi 8.

La tatu, dawa haiondoi mayai yaliyokwisha kukwama na haiyeyushi kovu. Inafunga bomba, sakafu inabaki na maji. Mayai yaliyokufa yataendelea kutoka kwa wiki kadhaa, hiyo pekee haimaanishi dawa imeshindwa.

La nne, mwenye kifafa kilichoanza ukubwani na anatoka eneo la nguruwe wanaozurura, asipewe kiholela. Anaweza kuwa na vifuko vya tegu kwenye ubongo, na prazikwanteli itavichokoza. Aanzie hospitali.

---

Msomaji_wa_Usiku

Misri walitokomezaje? Nasikia kansa ya kibofu kule imepungua.

---

HadubiniMezani

Misri ni darasa lenye pande mbili, na zote zinathibitisha hoja ya uzi.

Miaka mingi kansa ya kibofu ilikuwa miongoni mwa kansa zilizoongoza Misri, na ya skwamasi ndiyo ilikuwa kubwa. Prazikwanteli ilipoingia miaka ya 1980 na kichocho kikashuka, miaka iliyofuata sura ilibadilika: skwamasi ikarudi nyuma na kansa ya urothelia, ile ya wavuta sigara inayotawala Ulaya, ikachukua nafasi ya kwanza. Ondoa mchochota, na aina ya kansa inayotokana nao inapungua. Ushahidi wa namna hii kwa taifa zima si wa kila siku.

Upande wa pili unauma. Kabla ya prazikwanteli, kuanzia miaka ya 1950, kichocho kilitibiwa Misri kwa sindano za mshipa za chumvi ya antimoni, mgonjwa mmoja sindano nyingi, na sindano zilirudiwa bila kuchemshwa ipasavyo. Kwa njia hiyo virusi vya homa ya ini C vilisambaa mpaka Misri ikawa na kiwango cha juu kuliko karibu nchi zote duniani. Na homa ya ini C inaua kwa njia ile ile: mchochota wa ini wa miaka 20, 30, kovu, kisha kansa ya ini. Mwaka 2018 walianza kupima nchi nzima na kutibu kwa vidonge, na mwaka 2023 WHO ikawatambua kwa hatua kubwa waliyopiga kuelekea kuitokomeza.

---

Msomaji_wa_Usiku

Asante sana. Sasa kusambaa. Kichwa cha uzi kinasema mchochota unaisambaza pia. Kansa ikishaanza si inajiendesha yenyewe?

---

HadubiniMezani

Haijiendeshi peke yake. Hapa ndipo pananishika zaidi katika somo zima, nivumilieni.

Virchow mwaka 1863 aliona seli nyeupe ndani ya uvimbe wa kansa. Harold Dvorak mwaka 1986 alisema uvimbe ni kidonda kisichopona. Kwa Kiswahili tuna neno la hilo tangu zamani: kidonda ndugu. Uvimbe unatuma ishara za jeraha, mwili unaleta mafundi, lakini mafundi hawaambiwi kamwe kwamba kazi imekwisha.

Makrofaji zinazoitwa pale zinageuka upande wa ukarabati. Zinatoa VEGF, ishara ya kuotesha mishipa mipya ya damu. Uvimbe usiopata mishipa hauvuki milimita moja au mbili, ukiipata unakula na kukua. Zinatoa pia vimeng'enya, metaloprotinasi, vinavyokata sakafu ya kolajeni iliyo chini ya utando. Mpaka hapo seli za kansa zilikuwa zimezuiwa na sakafu hiyo. Ikikatwa, zinashuka kwenye misuli. Mpaka huo ndio mtaalamu wa patholojia anautafuta kwenye biopsi ya kibofu, yaani kipande kilichokatwa ili kipimwe: je, zimeingia msulini au bado? Jibu hilo linabadilisha matibabu yote.

Chini ya saitokini hizo hizo, seli ya utando inaachia mikono iliyowashika jirani, inarefuka, inapata uwezo wa kutembea. Mishipa mipya haijakazwa vizuri, inavuja, ni rahisi kuingia. Ndani ya damu seli nyingi zinakufa, lakini zinazojifunika kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinajificha dhidi ya kinga na kunata kwenye kuta za mapafu, ini au mifupa.

Zikifika huko nyingi zinalala. Utafiti wa mwaka 2018 kwa panya ulionyesha kinachoweza kuziamsha: mapafu yakichokozwa kwa moshi wa tumbaku au sumu ya bakteria, nyutrofili zinarusha nyavu za DNA zao wenyewe zenye vimeng'enya, vimeng'enya vinakata protini iitwayo laminini, na laminini iliyokatwa inaamsha seli ya kansa iliyolala jirani. Ni panya, si binadamu. Hata hivyo ni sababu nyingine ya kumwambia mgonjwa aliyekwisha kutibiwa kansa aache sigara leo.

Tena kibofu cha kichocho kina jambo lake. Kansa yake mara nyingi hukutwa kubwa sana papo hapo, ila haijaenda mbali kama ungetegemea kwa ukubwa ule. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kovu la miaka mingi limebana mishipa ya limfu ya ukutani, njia za kutokea zimefungwa. Wengi huuawa na kuziba kwa mirija ya figo: kansa inaminya, mkojo unarudi juu, figo zinakufa. Ndiyo maana ultrasaundi ya kibofu bila kutazama figo ni kazi nusu.

---

MkulimaWaJaluba

Kama mchochota ndio tatizo, kwa nini watu wote wasinywe asprini au diklofenaki kila siku? Na manjano na tangawizi je?

---

DiraYaDawa

Swali zuri, na jibu lake ni gumu kuliko vidokezo vya WhatsApp.

Asprini inazuia kimeng'enya COX, na hivyo prostaglandini zinazosaidia uvimbe kukua zinapungua. Kuna kundi moja ambalo faida imethibitika: watu wenye sindromu ya Lynch, kasoro ya kurithi inayoleta kansa ya utumbo mpana. Jaribio la CAPP2, watu 861, miligramu 600 kwa siku kwa miaka kama 2: baada ya ufuatiliaji wa miaka 10 waliopata kansa ya utumbo mpana walikuwa kama asilimia 9 dhidi ya 13 ya wasiotumia.

Sasa tazama ASPREE. Wazee 19,114 wenye afya, wengi wa miaka 70 na zaidi, Australia na Marekani, miligramu 100 kwa siku. Matokeo ya 2018: waliokunywa asprini walikufa zaidi kwa kansa, na kuvuja damu kukaongezeka. Dawa ile ile, watu wengine, jibu kinyume.

Ya tatu ni CANTOS, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, wakapewa sindano ya kanakinumabu inayozuia saitokini iitwayo IL-1 beta. Mwaka 2017 ilionekana kwamba kwenye dozi kubwa waliopata kansa ya mapafu walipungua kwa kama theluthi mbili. Ila vifo vya maambukizi makali viliongezeka, maana umeivua kinga silaha. Na dawa hiyo ilipojaribiwa kwa watu ambao tayari wana kansa ya mapafu, majaribio hayakufikia malengo. Kuzima moto kabla haujashika paa ni kazi tofauti na baada ya hapo.

Kwa hiyo usianze asprini ya kila siku bila daktari. Anayekojoa damu asiiguse, itazidisha damu. Diklofenaki na ibuprofeni kila siku zinaumiza figo, na mwenye kichocho cha muda mrefu figo zake huenda tayari zina mzigo.

Manjano na tangawizi ni viungo vizuri, pika navyo. Kurkumini ya manjano hunyonywa kidogo sana tumboni, kiasi kikubwa hupita tu. Linalonitia hofu ni mtu mwenye damu kwenye mkojo kukaa miezi 6 anakunywa manjano wakati bonge linakua.

---

NesiUrolojia

Wapendwa, nimesoma yote, mmefanya kazi kubwa. Nitaje ya wodini.

Mgonjwa wa kukimbizwa ni huyu: mtu mzima, damu kwenye mkojo bila homa, mabonge ya damu, kuwashwa kukojoa kila nusu saa, maumivu chini ya kitovu yasiyosikia antibayotiki, na hasa vipande vyeupe kama nyama au uji mgumu vinavyotoka na mkojo. Hivyo ni tishu iliyokufa na keratini. Antibayotiki mara moja ni sawa. Mara ya tatu bila ultrasaundi ni makosa.

Kabla ya ultrasaundi anywe maji kama lita moja, saa moja kabla, asikojoe. Kibofu kitupu ukuta wake huonekana mnene hata kama ni mzima, na bonge linajificha kwenye mikunjo. Ikionekana kitu, kinachofuata ni sistoskopi, kamera ya kutazama ndani ya kibofu, na biopsi. Biopsi ichukue na msuli. Kipande cha juu juu kikija bila msuli, mtaalamu wa patholojia hawezi kujibu swali kubwa na mgonjwa atarudishwa mezani.

Kipande kikishatoka kiende kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kipande, papo hapo. Si maji ya drip, si spiriti. Kikikauka au kuoza hakuna hadubini itakayokisoma. Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, kifuniko hubadilishana.

Na kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wetu. Kansa ya urothelia ambayo haijaingia msulini tunaitibu kwa kuwasha mchochota makusudi. Tunaweka BCG, chanjo ile ile ya kifua kikuu, ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, mgonjwa anaibana kama saa 2. Morales wa Kanada alichapisha njia hiyo mwaka 1976. Mchochota mkali wa muda mfupi unaita seli za kinga zinazoua kansa. Kwa skwamasi ya kichocho BCG haisaidii, tiba kuu ni kuondoa kibofu, kwa hiyo jibu la aina ya kansa lisubiriwe kabla ya kuahidi chochote.

---

Mkunga_Pemba

Nesi, mleta uzi kataja kidonda ndugu kama mfano tu. Si na chenyewe kinageuka kansa?

---

NesiUrolojia

Kinageuka, dada. Kidonda cha mguuni cha miaka mingi, au kovu la moto linalochubuka na kufunga, kuchubuka na kufunga, huzaa kansa ya skwamasi ya ngozi. Kinaitwa kidonda cha Marjolin, na wastani ni miaka kama 30 tangu kuungua. Angalia ukingo: kidonda cha kawaida ukingo wake unateremka, hiki unainuka na kujikunja nje, unagusa unakuta mgumu, kinanuka hata kikisafishwa, kinatoka damu bandeji ikiguswa tu. Biopsi ichukuliwe ukingoni sehemu nne kuzunguka kidonda, katikati kuna tishu iliyokufa tu na jibu litarudi "mchochota".

---

FundiMaabara

DiraYaDawa, swali la mwisho toka kwangu. Mgonjwa yuko kwenye dozi ya TB na mkojo wake una mayai 80 kwa mililita 10. Anapewa prazikwanteli kama kawaida?

---

DiraYaDawa

Hapana, mkuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inaharakisha ini kuivunja prazikwanteli mpaka damuni haibaki ya kutosha. Atameza, mayai yataendelea, na mtaandika kwamba dawa imeshindwa. Rifampisini ya TB haikatizwi kwa ajili hiyo. Mweleze daktari wake. Njia ya kawaida ni amalize TB, zipite wiki 4 tangu kidonge cha mwisho cha rifampisini, ndipo ameze prazikwanteli, na katikati hapo asiingie kwenye dimbwi. Efavirenzi ya wanaotumia ARV nayo inapunguza nguvu ya prazikwanteli, japo si kwa kiasi hicho, hivyo huyo apimwe tena mkojo baada ya wiki 6.